Sura ya 7: Usukani Unaoinama

Gari ndogo za mtumba zinazoshushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam, nyingi zina wenzo mdogo chini ya usukani. Dereva anauvuta, usukani unalegea, anaupandisha au anaushusha mpaka umkae vizuri, anarudisha wenzo na kuondoka. Ni jambo la sekunde mbili na hakuna anayelifikiria. Mwenye pikapu ya Chevrolet 3100 ya mwaka 1950 hana wenzo huo. Usukani wake ulifungwa kiwandani kwa mwinamo mmoja, na kwa mwinamo huohuo utabaki, awe ameketi dereva mrefu au mfupi, mwembamba au mwenye kitambi.

Sura hii inahusu kazi ya kumpatia wenzo. Huko Marekani, ambako pikapu hizi zilitengenezwa na ambako nyingi bado zinafufuliwa, hiyo ni moja ya kazi ambazo mwenye gari huziulizia mapema anapofika karakana. Anaiulizia kama starehe: mgongo unauma, kupanda na kushuka kumekuwa taabu, usukani unagusa tumbo. Starehe hiyo ni ya kweli, wala simlaumu mtu anayeitafuta. Lakini ukifungua nguzo ya usukani ya gari la mwaka 1950, umefungua kiungo kati ya mikono ya dereva na tairi za mbele, na chochote utakachokirudisha hapo lazima kiwe imara kuliko ulichokikuta. Kuinama kwa usukani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Sehemu nzito iko chini, karibu na pedali, mahali ambapo mwenye gari haangalii.

Tuanze na gari lenyewe. Chevrolet walianza kuuza kizazi hiki cha pikapu katikati ya 1947, wakaendelea nacho mpaka mapema 1955. Namba 3100 ndiyo pikapu ya nusu tani, yenye inchi 116 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani karibu mita 2.95. Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, umeme ni wa volti 6, kiti ni benchi moja pana, na pedali za klachi na breki zinachomoza kutoka sakafuni. Ekseli ya mbele ni chuma kimoja kilichonyooka kutoka tairi hadi tairi. Lilikuwa gari la shamba na la duka, la kubeba magunia ya chakula cha mifugo, mbao na mabomba. Hakuna aliyelibuni akifikiria safari ya saa sita kwenye barabara kuu.

Halikuwa na pampu ya kusaidia kugeuza. Ndiyo maana usukani wake ni mpana. Mkono unapovuta ukingo wa gurudumu pana, nguvu ndogo inatosha kuzungusha shafti, kwa sababu umbali kutoka ukingo hadi katikati ni mkubwa. Mwenye gari anapobadilisha nguzo, mara nyingi hubadilisha na usukani, akachagua mdogo kwa sababu unapendeza na unaacha nafasi ya mapaja. Basi aijue hesabu yake. Ukiondoa usukani wa inchi 18 ukaweka wa inchi 15, mikono italazimika kuongeza nguvu kwa asilimia 20 ili kugeuza tairi zilezile. Gari likiwa kwenye mwendo hutaisikia sana tofauti hiyo. Likiwa limesimama, unalikunja ili uingie kwenye maegesho, utaisikia begani. Kwa hiyo mtu anayetafuta nafuu ya mwili na wakati huohuo akaweka usukani mdogo bila pawa steringi, amejipa kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine.

Sasa lije jambo ambalo wengi hawalijui mpaka siku gari limeshafunguliwa. Kwenye gari la kisasa, nguzo ya usukani ni kifaa kinachojitegemea: ukifungua boliti za chini ya dashibodi na kiungo kimoja cha chini, inatoka. Kwenye 3100 haiko hivyo. Shafti inayoshika usukani juu inashuka ndani ya bomba mpaka kwenye boksi la usukani lililofungwa kwenye chesisi, na humo ndani haiishii kwenye kiungo chochote. Shafti na parafujo inayogeuza meno ya boksi ni kitu kimoja. Bomba, shafti na boksi vilitoka kiwandani vikiwa pamoja. Huwezi kuchomoa nguzo ukaacha boksi, labda ukate. Pikapu za Chevrolet za 1967 hadi 1972, ambazo nazo zinapendwa sana, zina kiungo kinachofunguka kati ya nguzo na boksi, na huko kazi hii ni nyepesi kwa kiasi kikubwa. Mwenye 3100 asidanganywe na bei au muda alioambiwa na jirani mwenye gari la 1970.

Shafti hiyo ndefu isiyo na kiungo ilikuwa na hatari nyingine. Gari likigonga kwa mbele na chesisi ikasukumwa nyuma, chuma kile kilielekea moja kwa moja kwenye kifua cha dereva. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa hivyo, na watu wengi walikufa kwa namna hiyo. Rais Lyndon B. Johnson alisaini sheria ya usalama wa magari mwezi Septemba 1966, na kuanzia tarehe 1 Januari 1968 kanuni za serikali zikataka magari mapya ya abiria yawe na usukani unaopunguza kishindo kwenye kifua cha dereva na nguzo isiyorudi nyuma kupita kiasi gari linapogongana. Pikapu ya 1950 haiguswi na kanuni hizo. Ila fundi anayeifungua leo anazijua, na anaweza kuikata ile njia iliyonyooka. Ukiweka shafti yenye viungo viwili iliyokwenda kwa pembe, na kipande cha katikati kinachoweza kuingia ndani ya kingine, ikigongwa itajikunja badala ya kusukuma. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko mgongo.

Usukani wa kusogea si wazo geni. Mwaka 1961 Ford Thunderbird ilipatikana na usukani uliosogea pembeni gari likiwa limeegeshwa, ili dereva ashuke bila kujibana. Mwaka 1963 General Motors wakaanza kuweka kwenye baadhi ya magari yao usukani wa kuinama wenye hatua saba, uliotengenezwa na kitengo chao cha Saginaw, mji wa jimbo la Michigan. Muundo huo wa Saginaw ulidumu miongo mingi, ukaingia kwenye magari madogo, mavani na pikapu za kampuni hiyo. Nguzo nyingi zinazouzwa leo kwa ajili ya magari ya zamani, zikiwemo za kampuni ya ididit ya Tecumseh, Michigan, na Flaming River ya Berea, Ohio, zinafuata njia ileile: karibu na juu, shafti imekatwa na kuunganishwa tena kwa kiungo, na kichwa kizima kinachoshika usukani kinainama juu ya pini mbili. Wenzo unapovutwa, vyuma viwili vyenye meno vinaachia. Ukiachwa, springi inavirudisha kwenye meno, na kichwa kinakazwa pale kilipo.

Kabla ya kununua, mwenye gari aamue kuhusu gia. Kuanzia 1948, pikapu nyingi za aina hii zenye gia tatu zilikuwa na kijiti cha gia kwenye nguzo ya usukani, kulia. Nguzo nyingi zinazouzwa sasa zimetengenezwa kwa gia otomatiki au kwa gari lenye gia za sakafuni. Anayetaka kubaki na gia tatu za mkono kwenye nguzo atakuwa na machaguo machache, na anayehamishia gia sakafuni atatoboa sakafu. Uamuzi huu ukiachwa mpaka nguzo imefika, unazaa kazi nyingine isiyokuwa kwenye bajeti.

Asiyetaka kununua mpya huenda kwenye uwanja wa magari chakavu akachomoa nguzo ya Saginaw kwenye vani au pikapu ya General Motors. Ni njia nzuri kwa mwenye subira, na nguzo hizo ni ngumu. Zina ugonjwa mmoja unaojulikana: ndani ya kichwa kinachoinama kuna boliti nne zinazolegea kwa miaka. Ushike usukani kwa mikono miwili, uuvute juu na uusukume chini bila kugusa wenzo. Kama kichwa kinacheza, boliti zimelegea. Zinakazika, lakini kuzifikia kunataka kufungua karibu kila kitu kilicho juu yake: usukani, swichi ya indiketa, pini za kichwa, na ile springi ya kuinamisha ambayo imebanwa kwa nguvu na inaweza kuruka usoni. Jambo la pili ni kufuli. Nguzo za gari zilizotengenezwa baada ya swichi ya funguo kuhamia kwenye usukani zina pini inayofunga usukani funguo ikitolewa. Ukiifunga nguzo hiyo kwenye 3100 na kuendelea kuwasha gari kwa swichi ya dashibodi, ile pini bado imo ndani, na haipaswi kubaki katika hali ya kuweza kujifunga yenyewe gari likiwa kwenye mwendo. Ama utumie funguo ya nguzo ipasavyo, ama utaratibu wote wa kufuli uondolewe. Hapa hakuna njia ya katikati.

Boksi nalo linahitaji uamuzi. Njia ya kwanza ni kulibakiza la zamani: boksi linafunguliwa, shafti inakatwa na kuachwa kisiki cha inchi chache, kisha kisiki kinapelekwa kwa fundi mashine akichonge bapa mbili ili kiungo kishike bapa, si duara. Angalia pia kama boksi lina sili pale juu shafti inapotokea, kwa sababu bomba la zamani lililolifunika limeondoka na mafuta yatatafuta njia. Njia ya pili ni kuliondoa boksi lote. Mafundi wengi wa Marekani hufunga badala yake boksi la pawa steringi la Toyota Land Cruiser ya miaka ya 1980, kwa kipande maalumu cha chuma kinachofungwa kwenye chesisi. Msomaji wa Garissa au Mbeya atafurahi kusikia kwamba boksi analolijua kwa ugumu wake kwenye barabara za mashimo limepata kazi chini ya Chevrolet. Ila asilifunge la kwake kwenye sanduku na kulituma: pikapu hizo zina usukani kushoto, na boksi linalotakiwa ni la Land Cruiser ya usukani kushoto.

Ushauri wangu ni huu. Kama boksi la zamani linacheza, yaani usukani unazunguka kidogo kabla tairi hazijasogea, na marekebisho ya kawaida hayasaidii, badilisha boksi wakati huohuo unaobadilisha nguzo. Kama boksi ni zima kabisa na gari liko katika hali ya kiwandani, jiulize mara mbili kabla ya kukata, kwa sababu shafti iliyokatwa hairudi. Tafuta boksi jingine la kukata, na hili zima ulifunge kwenye kitambaa chenye mafuta ulihifadhi. Na kuhusu kuchomelea: zipo krosi, yaani viungo vya shafti vinavyozunguka huku vimepinda, zilizotengenezwa ili zichomelewe, na mchomeleaji mwenye ujuzi wa hali ya juu anaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Lakini weldi haionyeshi yaliyo ndani yake, na shafti ya usukani si geti la nyumba. Panapowezekana kufunga kwa bapa na skrubu, funga hivyo.

Vipimo huchukuliwa kabla ya kuagiza chochote, na kiti kitakachotumika kiwe kimeshafungwa. Nilijifunza utaratibu huu kwa fundi mmoja mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Columbus, Ohio. Alikata bomba la plastiki, lile jeupe la maji, urefu wa nguzo iliyokusudiwa, akalipitisha kwenye tundu la sakafu, akafunga kipande cha mbao juu mahali pa usukani, kisha akaniketisha.

"Kaa kama unavyokaa ukiwa umechoka, mzee," aliniambia. "Ukikaa kama unapigwa picha, vipimo vitatudanganya."

"Haya, fundi. Hivi?"

"Sasa kanyaga klachi mpaka chini. Goti limegusa? Basi tupandishe."

Alipandisha bomba kidogo, akarudi mlangoni, akaniambia nishuke na kupanda tena. Nilishuka na kupanda mpaka akaridhika. Kisha akaingia chini ya boneti na tochi, akaangalia mwisho wa bomba unaelekea wapi, uko mbali kiasi gani na bomba la moshi, na kwa pembe gani utalifikia boksi. Alipomaliza aliandika vipimo viwili tu kwenye bati la mlango kwa chaki: urefu wa nguzo, na umbali wa kuishusha kutoka kwenye ukingo wa dashibodi. Nguzo huuzwa kwa urefu maalumu, inchi 30, 32 au 33 kwa mfano, na kosa la inchi mbili haliwezi kurekebishwa kwa kuinamisha. Wenzo hubadilisha mwinamo. Haubadilishi umbali kutoka kifuani.

Sasa tushuke chini, kwenye krosi. Nguzo mpya haielekei boksini kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kati yake na boksi kunahitajika kiungo kinachozunguka huku kimepinda. Krosi nyingi za usukani huruhusiwa kupinda hadi nyuzi 30 au 35, kutegemea mtengenezaji. Mtu huona krosi moja inatosha, akaweka moja yenye pembe kubwa, na gari likageuka. Lakini krosi moja iliyopinda haizungushi shafti ya pili kwa mwendo sawa. Kwa pembe ya nyuzi 30, wakati shafti ya juu inazunguka kwa mwendo usiobadilika, ile ya chini hukimbia mpaka asilimia 15 zaidi, halafu ikabaki nyuma kwa asilimia 13, na hufanya hivyo mara mbili katika kila mzunguko. Dereva hulisikia jambo hili kama usukani unaokuwa mzito, mwepesi, mzito tena, akadhani boksi limekufa.

Dawa yake ni krosi mbili zenye pembe zinazokaribiana, na kipande cha shafti katikati. Ya pili inarudisha kile ilichoharibu ya kwanza. Lakini inarudisha kwa sharti moja: uma mbili zilizo kwenye kipande cha katikati, moja kila ncha, ziwe zimelala upande mmoja. Zikiwa zimepishana robo mzunguko, krosi ya pili inaongeza tatizo badala ya kulifuta. Shafti yenye bapa mbili inarahisisha hili kwa kuwa krosi inaingia kwa namna mbili tu, na zote mbili ni sawa. Yenye meno inaweza kuingia popote, kwa hiyo macho yanahitajika. Na kama njia imezungukazunguka kukwepa bomba la moshi mpaka zimewekwa krosi tatu, lazima shafti ishikwe na beringi iliyofungwa kwenye chesisi, karibu na krosi ya kati. Bila beringi hiyo shafti itayumba kama kamba, na nguvu za dereva zitaishia kwenye kuyumba huko kabla hazijafika boksini.

Krosi hushikwa kwenye shafti kwa skrubu ndogo isiyo na kichwa, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji asome polepole. Skrubu hiyo ikikazwa juu ya uso laini wa shafti, imeshika kwa msuguano tu. Inapaswa kukaa ndani ya shimo. Krosi inapangwa mahali pake, skrubu inakazwa kidogo ili iache alama, krosi inatolewa, na pale penye alama panatobolewa kwa drili shimo la kina kifupi, la kutosha ncha ya skrubu kuzama bila kuidhoofisha shafti. Kisha shafti inasafishwa mafuta, krosi inarudishwa, skrubu inapakwa gundi ya nyuzi, inakazwa mpaka ncha imezama shimoni, na juu yake inafungwa nati ya kuizuia isirudi. Shafti iwe imeingia kwenye krosi kwa kina chote, lakini isipite mpaka kugusa msalaba wa katikati, maana ikipita krosi haiwezi kupinda. Kazi yote hii inaweza kuchukua muda mfupi kuliko kupaka rangi nguzo. Hiyo ndiyo inayoshika uhai wa mtu.

Kule juu, nguzo inashikwa na kipande kinachoning'inia kutoka chini ya dashibodi, na chini inashikwa na bati la sakafu lenye kibano. Dashibodi ya 3100 ni bati. Ni bati zito kuliko la magari ya leo, lakini bado ni bati, na dereva mzito anapopanda huushika usukani na kujivuta kwa uzito wake wote. Fundi mzuri huweka kipande cha chuma nyuma ya bati ili boliti zisiwe zinavuta karatasi. Kaza kibano cha juu na cha chini kwa zamu, kidogo kidogo, huku unazungusha usukani. Ukiona unakuwa mgumu, nguzo imejipinda kati ya vibano viwili. Legeza, sogeza bati la sakafu, rudia. Usilazimishe.

Waya ni habari nyingine, na wengi hukwama hapo kuliko kwenye vyuma. Pikapu hizi zilipotoka kiwandani, indiketa hazikuwa lazima; aliyezitaka alifungiwa swichi ndogo iliyobanwa ubavuni mwa nguzo. Nguzo mpya ina swichi yake ndani, na plagi yake kwa kawaida hufuata mpangilio wa General Motors. Nyeupe inatoka kwenye swichi ya breki. Zambarau inatoka kwenye flasha ya indiketa, kahawia kwenye flasha ya dharura. Nyeusi ni ya honi. Njano inakwenda taa ya nyuma kushoto na kijani iliyokoza taa ya nyuma kulia; buluu mpauko ni mbele kushoto, buluu iliyokoza ni mbele kulia. Plagi zenyewe ziko za saizi mbili, ya inchi 3⅞ ya zamani na ya inchi 4¼ ya baadaye, na haziingiliani.

Mtu aliyezoea waya za 1950 atashangaa kwa nini waya wa breki upite kwenye usukani. Sababu ni kwamba katika mpangilio huu, taa ileile ya nyuma ndiyo ya breki na ndiyo ya indiketa. Ukikanyaga breki huku umeonyesha kushoto, swichi ndiyo inayoamua: taa ya kulia iwake mfululizo, ya kushoto ipepese. Ukiuacha waya wa breki uende moja kwa moja nyuma kama zamani, taa ya breki itaifunika indiketa, na gari la nyuma yako halitajua unakata kushoto. Kama gari bado lina volti 6, swichi haina shida nayo, ila flasha na balbu ziwe za volti 6. Wengi hubadilisha gari zima kuwa volti 12 wakati huu, na naona ni uamuzi mzuri kama waya zote za zamani zimekwisha kukauka na kupasuka.

Honi ikikataa kulia baada ya kazi yote, usianze kununua honi. Kitufe cha honi hukamilisha njia ya umeme kwa kuuunganisha waya mweusi na chuma cha nguzo, na chuma hicho kinatakiwa kiguse bodi. Nguzo iliyopakwa rangi nene, ikashikwa na vibano vilivyopakwa rangi na kuishia kwenye kiungo chenye mpira, haigusi bodi popote. Kwaruza rangi kidogo ndani ya kibano, au funga waya wa athi kutoka nguzo hadi kwenye bodi.

Usukani wenyewe hufungwa mwisho, na boksi liwe katikati. Nyanyua tairi za mbele, zungusha mpaka mwisho wa kulia, hesabu mizunguko mpaka mwisho wa kushoto, rudi nusu yake. Hapo ndipo boksi lilipobana vizuri zaidi, na hapo ndipo linapotakiwa kuwa gari likienda mbele. Tairi zikiwa hazijanyooka wakati boksi liko katikati, rekebisha fimbo za usukani kule chini. Usichomoe usukani na kuurudisha jino moja au mawili pembeni ili uonekane umenyooka, kwa sababu boksi litakuwa linafanya kazi nje ya katikati yake, na indiketa upande mmoja itajirudisha mapema, upande wa pili itachelewa.

Halafu jaribu, tairi zikiwa bado hewani. Zungusha mwisho hadi mwisho usukani ukiwa juu kabisa, katikati, na chini kabisa. Mtu mmoja azungushe, mwingine alale chini na tochi aangalie shafti inapita wapi. Shusha gari, injini iwake, urudie, maana injini hutikisika na bomba la moshi linalokaa mbali kwa nusu inchi injini ikiwa imezima linaweza kugusa ikiwa inafanya kazi. Wenzo usivutwe kamwe gari likiwa kwenye mwendo. Umwambie hivyo kila atakayeliendesha.

Kama fedha hazitoshi kwa vyote, nunua krosi mbili nzuri na shafti yake kwanza, rekebisha boksi, na nguzo ya kuinama isubiri mwaka ujao. Zikitosha, ifanye kazi yote kwa mara moja. Baada ya safari fupi ya kwanza, kabla hujampa mtu mwingine funguo, rudi chini ya gari na spana, ukaguse kila nati ya krosi na kila boliti ya boksi, na uzikaze zilizolegea.